Nani Amthibitishe Maskini?



Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa barabara kuu, kabla hajaingia mjini hupita Kingolwira, mahali ninapoishi na kufundisha. Mkono wake wa kushoto ataiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu, na asipoambiwa hatajua kwamba hapa pana gereza la kale, ambalo Waingereza walilianzisha katika miaka ya 1930 liwe gereza la shamba. Jina la Kingolwira likitajwa mbali, wengi hukumbuka gereza hilo tu. Sisi wenyeji tumekwisha zoea.

Nataka tulitazame jambo letu la leo tukianzia hapo. Mfungwa aliyemo ndani, awe ameiba au ameua, ana posho yake ya chakula, ana nguo, ana paa, na akiugua yuko tabibu anayepaswa kumwangalia. Chakula chenyewe huenda kikawa duni, lakini ni chake kwa sheria. Yameandikwa hayo katika Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 na kanuni zake, wala hakuna amwambiaye mfungwa, "Kwanza tuthibitishie kuwa una njaa." Nje ya seng'enge, mwendo mfupi tu, anakaa bibi kizee wa miaka 75 ambaye hajapata kushitakiwa kwa jambo lolote maishani mwake. Yeye ndiye anayeambiwa athibitishe.

Simwonei mfungwa kijicho. Kumlisha uliyemfunga ni wajibu, na mwenye kumwacha afe njaa ni dhalimu. Nasema hivi kwa sababu mfano huu watufahamisha kitu kikubwa, nacho ni kwamba serikali, hata ikiwa maskini, yajua kuipanga riziki ya mtu iwe haki yake pale inapoona hapana budi. Basi kama yaweza kwa mwenye kosa, kwa nini kwa asiye na kosa ipange kwa njia nyingine kabisa?

Wasomaji wa ukurasa huu wengi wamepita chuoni, na watakumbuka kwamba Qur'ani katika Suratul Maarij inaposifu wenye kusali haisemi kuwa katika mali zao mna hisani kwa maskini. Inasema mna haki, tena haki ijulikanayo, kwa watu wawili: mwenye kuomba, na aliyenyimwa. Wafasiri wengi wamesema huyu wa pili ni yule ambaye haombi, basi watu hudhani hana haja, na kwa hivyo hukosa. Yatie akilini maneno hayo mawili, haki na kujulikana. Haki ijulikanayo maana yake kipimo chake kinajulikana, siku yake inajulikana, na mwenye nayo anajulikana bila ya kusimama mbele za watu kujieleza. Kwa kipimo hiki ndipo nataka tuupime msaada wa serikali yetu.

Mpango mkubwa kuliko yote wa kusaidia maskini Tanzania ni ule wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao kila mtu huuita TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000, na katika awamu zake mbili za mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kujenga: madarasa, zahanati, visima, barabara za vijijini. Mwezi wa Agosti 2012 Rais Jakaya Kikwete alizindua awamu ya tatu mjini Dodoma, na hapo jambo jipya likaingia, la kumtia maskini fedha mkononi. Kufikia mwaka 2015 kaya zilizoandikwa zilipita milioni moja, Bara na Visiwani. Mwaka 2020 Rais John Magufuli alizindua kipindi cha pili cha awamu hiyo. Fedha nyingi za kazi hii zilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya nchi nyingine.

Yafaa tuseme kweli kabla ya kulaumu. Fedha hizi zimefanya kazi. Tathmini zilizofanywa zimeonyesha kuwa kaya zilizopata zilikula vizuri zaidi, zilinunua kuku na mbuzi, zilipeleka watoto shule na kliniki. Mwenye kusema kwamba maskini akipewa pesa huzinywea pombe, aende akatazame mabanda ya kuku. Kwa hivyo lawama yangu haimo katika kutoa. Imo katika namna ya kumpata wa kupewa, na katika masharti anayofungwa nayo akisha kupatikana.

Mchujo una hatua tatu. Kwanza hutazamwa maeneo, lipi ni maskini kuliko jingine. Kisha mkutano wa kijiji au mtaa huitwa, na watu wataje nani miongoni mwao ni maskini wa kutupwa. Majina husomwa hadharani, na jirani husema huyu ndiye au huyu siye. Mwisho waliotajwa huulizwa maswali nyumbani kwao: paa lako ni la nini, sakafu je, una redio, una baiskeli, mnakula mara ngapi. Majibu hutiwa katika kompyuta iliyo mbali, nayo huamua.

Hebu fikiri hatua ile ya mkutano. Mwanamke aliyeolewa kwa heshima, akazaa, akazika mume, akasomesha watoto, anakaa chini ya mwembe na wakwe zake wapo, na wanafunzi wa wajukuu zake wapo, naye asubiri mtu asimame aseme, "Fulani ni maskini hohehahe, hana kitu." Akitajwa ameaibika. Asipotajwa amekosa. Katika Suratul Baqara wametajwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa vile wanavyojizuia, na Mtume ameambiwa kuwa hao hujulikana kwa alama zao tu, hawang'ang'anii watu. Sisi watu wa pwani na wa kandokando ya pwani tumelelewa hivyo: kula mihogo, ufunge mlango, mgeni akija umwambie umekwisha kula. Mpango unaomtaka mtu atajwe mkutanoni, wa kwanza kuwapoteza ni hawa. Na wa kwanza kuwapata ni wale wenye ndugu katika kamati, au wenye sauti.

Kompyuta nayo ina upofu wake. Bibi ana paa la bati. Lilipigwa na mwanawe miaka ishirini iliyopita, mwana akafa, bati likabaki. Mashine huona bati. Haimwoni mwana aliyekufa. Jirani yake ana kijana mzima mwenye kazi ya bodaboda, lakini anakaa nyumba ya makuti, basi yeye ndiye maskini. Wala usidhani nimezua. Mwenye kuishi mtaani aweza kukuhesabia nyumba za namna hii kwa vidole.

Na mchujo wote huo, pamoja na ukali wake, haukuzuia udanganyifu. Mwaka 2016 serikali iliamuru uhakiki, na makumi ya maelfu ya kaya yakaondolewa katika daftari, mengine kwa sababu hayakustahili, mengine kwa sababu wenyewe wamekufa au wamehama. Watu wakaziita kaya hewa. Yaani daftari lililotengenezwa kwa mikutano, kamati, maswali na mashine, bado lilikuwa na marehemu ndani yake, ilhali mahrumu wa hai wako nje.

Hapa niruhusu nitoke kidogo njiani, niseme juu ya maneno. Wapewao fedha hizi huitwa "walengwa". Mimi nimefundisha lugha pamoja na dini kwa miaka mingi, na najua kilengwacho ni nini: ni ndege mbele ya manati, au mnyama mbele ya bunduki. Na kitendo cha kuwapa kimeitwa "uhawilishaji", neno ambalo asili yake ni hawala, la Kiarabu, nalo wafanyabiashara wa Unguja na Mombasa wamelitumia karne nyingi. Hawala ni kulihamisha deni: mwenye deni kwako anakuhamishia kwa mwingine akulipe. Laiti wenye mpango wangeifuata maana hiyo! Maana katika hawala anayepokea huwa anadai chake.

Turudi kwenye masharti. Katika mpango ule ulioanza mwaka 2013 kaya iliyopita mchujo ilipangiwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye watoto iliongezewa 4,000. Juu ya hapo palikuwa na ruzuku za masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, wa shule ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo, na kila mmoja ana fungu lake, hata jumla isizidi shilingi 38,000 kwa mwezi. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili. Sharti likivunjwa, fedha hupunguzwa. Wenye nguvu katika kaya walipewa pia kazi za muda, shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne ya shida.

Tazama sasa mizani hii inavyomlalia bibi wetu. Akiwa peke yake hana mtoto, anapata kile cha chini kabisa. Akiwa analea wajukuu wanne walioachwa, anapata zaidi, lakini riziki yake imefungwa kwenye miguu ya watoto hao. Mjukuu wa darasa la sita asipokwenda shule kwa sababu mto umejaa, au kwa sababu ameingia utukutu wa umri, bibi ndiye anayekatwa. Na kazi za muda hawezi, mgongo haumruhusu.

Wenye mpango watasema sharti ni kwa faida ya mtoto. Najua. Lakini kila sharti linalotiwa katika riziki huzaa tabia ambayo aliyelitia hakuikusudia, na juu ya hili wanahistoria wa Kiislamu wametusimulia kisa ambacho nakiona ni somo la utawala kuliko vitabu vingi. Sayyidna Umar alipoanzisha daftari la matumizi kwa watu wa Madina, aliweka kuwa mtoto ataandikiwa fungu lake akisha kuachishwa ziwa. Sharti lilionekana la busara, kwani mtoto wa ziwa hali chakula. Usiku mmoja ulikuja msafara wa wafanyabiashara, naye pamoja na Abdulrahman bin Auf wakaulinda. Umar akasikia mtoto analia, akaenda kwa mama yake, akaenda tena, na tena, mtoto hanyamazi. Mwishowe mama, asiyemjua anayesema naye, akamweleza kuwa anamwachisha ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa sababu Umar hatoi fungu ila kwa walioachishwa. Inasimuliwa kuwa asubuhi alisalisha sala ya alfajiri watu hawapati kuusikia vizuri usomaji wake kwa kilio, kisha akatangaza sharti limeondolewa, na kila mtoto ataandikiwa tangu siku anayozaliwa.

Msomaji, hakuongeza mkaguzi wa kuwachunguza akina mama. Aliondoa sharti. Aliona kuwa kosa limo katika daftari lake.

Juu ya zile kazi za muda nitasema neno moja tu, kwa kuwa tuko chini ya Uluguru na milima hii ina kumbukumbu. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kwa hoja ya kuokoa udongo, na hoja yenyewe haikuwa ya upuuzi. Lakini hawakuulizwa, na mwaka 1955 kule Matombo pakatokea ghasia, damu ikamwagika, mradi ukafa. Kazi za TASAF si za kulazimishwa, na malipo yapo, kwa hiyo silinganishi moja kwa moja. Ila mahali hapa ukimwambia mtu achimbe kwa faida yake, anza kwa kumwuliza.

Sasa kuna jambo jingine ambalo wakosoaji wengi hawaligusi, nalo ni wingi wa milango. Mzee anapotaka kuishi, haendi kwa serikali moja. Fedha za kaya maskini ziko TASAF, na TASAF iko chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi na Utawala Bora. Sera ya wazee na makazi yao, kama yale ya Fungafunga hapa Morogoro, iko kwa wizara ya Maendeleo ya Jamii, ambayo tangu mwaka 2022 ndiyo yenye Wanawake na Makundi Maalum. Afisa ustawi wa jamii atakayemwandikia barua ni mtumishi wa halmashauri, upande wa TAMISEMI. Matibabu bure kwa mzee asiyejiweza ni shauri la afya. Bima ni mfuko mwingine. Kila mlango una fomu yake na picha yake ndogo, na kila mmoja unataka barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mimi ni katika watu wanaoandikiwa kusaidia kujaza karatasi hizi, maana mwalimu wa chuo hudhaniwa anajua kila karatasi, na nimeona mzee mmoja akithibitishwa kuwa maskini mara tatu kwa ofisi tatu, kana kwamba umaskini aliouonyesha mlango wa kwanza umekwisha njiani.

Kadi ya matibabu bure akisha kuipata, hufika dirishani, na mara nyingi ataambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Msamaha ulianzishwa pamoja na uchangiaji wa gharama, uliorudishwa hospitalini kuanzia mwaka 1993, ili uwalinde wasioweza. Lakini anayesamehewa haleti pesa, na zahanati inaendeshwa kwa pesa. Basi ukarimu umeandikwa Dodoma na bili imepelekwa kwa mganga wa zahanati. Usimlaumu kijana wa dirishani. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake wasio na uwezo wametajwa. Hapo tena atatakiwa mtu wa kusema nani hana uwezo.

Na mikopo ya halmashauri? Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Mzee mwanamume hana fungu hapo, na bibi wa miaka 75 atashindana na wanawake wenye nguvu za kuchukua magunia sokoni.

Msingi wa yote hayo ni dhana moja, nayo imeandikwa wazi katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003: kwamba familia na jamii ndiyo inayomtunza mzee. Kwa Waluguru dhana hiyo haikuwa uongo. Ukoo wao ni wa mama, ardhi hupita upande huo, na mjomba alikuwa na madaraka na wajibu juu ya watoto wa dada yake. Mzee hakuwa na haja ya barua. Lakini ardhi imegawanyika, vijana wamekwenda Dar es Salaam, na mashamba ya kando ya barabara yameuzwa viwanja. Sera hiyo ilipotimiza miaka ishirini, mwaka 2023, ilikuwa bado haina sheria yake ya kuisimamia. Sera bila sheria ni ahadi isiyo na shahidi.

Kisha wako wale ambao hawakuwa na ukoo hapa tangu mwanzo. Ukanda huu ulikuwa wa mkonge. Tungi na Pangawe si mbali. Manamba waliletwa kutoka mbali, wakakata mkonge, wengine hawakurudi kwao tena. Bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakafa, wao wakabaki. Walikuwa na akiba? Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, lakini mpangilio wake ulikuwa wa kulipa mkupuo mara moja, kisha basi. Pensheni ya kila mwezi kwa watu wa namna hiyo ilikuja na NSSF mwaka 1997, na wakati huo manamba wengi walikwisha kuwa vikongwe au wamekwisha kuzikwa. Kadhi Abu Yusuf, katika kitabu cha kodi alichomwandikia Harun al-Rashid, amesimulia kuwa Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alimchukua nyumbani kwake akampa, kisha akamwagiza mweka hazina amfutie kodi na amtazame yeye na mfano wake, kwa hoja kwamba si insafu kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Dini ya mzee haikumzuia kumpa, wala hakuuliza paa lake. Katani iliyofunga mizigo ya dunia ilikatwa kwa mikono ya watu ambao leo tunawataka walete barua.

Sasa utaniuliza, ewe msomaji, wataka nini? Nitakujibu kwa mfano ulio karibu, wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza Pensheni Jamii. Kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 alipangiwa shilingi 20,000 kila mwezi, na baadaye kikaongezwa. Hakuulizwa kama ni maskini. Hakuulizwa paa lake, wala wajukuu wake wamehudhuria siku ngapi. Ameulizwa umri na ukaazi tu. Na fedha zilitoka katika bajeti ya Zanzibar yenyewe. Hiyo, kwa kipimo chetu cha mwanzo, ndiyo haki ijulikanayo: kiasi kinajulikana, siku inajulikana, mwenyewe anajulikana.

Kenya nayo, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ikichuja wazee maskini, iliamua kuanzia mwaka 2018 kuandika wote waliofika miaka 70 wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Jamaa zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaifahamu kwa jina la Inua Jamii. Wanafahamu pia kuwa malipo hukawia, na kuwa daftari lilikaa muda mrefu bila kufunguliwa kwa waliofikia umri baadaye. Kwa hivyo siuzi pepo. Lakini mzee wa Kenya pesa ikikawia hulalamika. Mzee wa Kingolwira hushukuru kwa kilichopatikana na kuogopa uhakiki ujao. Tofauti hiyo si ndogo. Anayedai hunyanyua uso.

Hoja kubwa dhidi ya jambo hili ni kwamba hata tajiri mwenye miaka 70 atapata, na nchi ni maskini. Hoja ya kwanza ni kweli. Lakini wazee matajiri ni wangapi? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni mbili na nusu, karibu watu sita katika kila mia, na wengi wao ni wakulima ambao hawajapata kuwa na pensheni. Ukichuja ili uwaondoe wachache wenye nacho, utalipa makarani, magari, posho za mikutano na mashine, na katika kuchuja utawadondosha maskini wengi kuliko matajiri uliowazuia. Tajiri aliyepokea 20,000 utazirudisha kwa kodi. Maskini uliyemdondosha utamrudisha kwa nini?

Ama hoja ya kwamba nchi haina fedha, mwaka 2010 wizara ya kazi ya Tanzania pamoja na shirika la HelpAge ilitoa uchunguzi juu ya pensheni kwa wazee wote wa nchi, na uchunguzi ulionyesha kuwa yawezekana. Tangu hapo zimepita bajeti nyingi. Zanzibar, yenye kipato cha visiwa viwili, ilianza. Kwa hiyo jawabu la "hatuna" lingehitaji na lenyewe kuthibitishwa, kama bibi anavyothibitishwa.

Kuna shida ya kweli katika umri. Wazee wengi hawajui mwaka wao. Atakwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au alikuwa anachunga mbuzi wakati wa Vita vya Pili. Lakini kitambulisho cha taifa kimekwisha kumpa tarehe, ya kweli au ya kukisia, na shuhuda mbili za watu wa rika lake zatosha kwa iliyobaki. Kuthibitisha umri ni mara moja katika maisha, na hakuna aibu ndani yake. Mtu husema "nina miaka 72" kwa fahari.

Sitaki nimalize kama kwamba serikali peke yake ndiyo yenye daftari baya. Tazama zaka zetu. Mwezi wa Ramadhani, mbele ya milango ya wafanyabiashara, kuanzia Kariakoo hata Mombasa, wajane hupanga foleni juani wapewe shilingi elfu mbili mbili, na mtoaji akasimama mlangoni aonekane. Mwenye kujizuia yuko nyumbani kwake, hakupata. Katika Suratu Tawba wale wanaozishughulikia zaka wametajwa miongoni mwa mafungu manane, na maana yake ni kwamba zaka ni kazi ya kupangwa, ina watumishi na hesabu. Sisi tumeifanya sadaka ya mlangoni. Msikiti mmoja ukiwa na daftari la wazee wa mtaa wake kwa umri tu, ukawapelekea fungu lao nyumbani kila mwezi bila ya kutangaza, tayari umeipita foleni ile ya jua. Hapa Kingolwira tulianza na majina ya wazee 31, Waislamu na wasio Waislamu, na miezi mingine fedha hazitoshi. Daftari liko kwa mwadhini, na hakuna aliyesomewa jina lake mkutanoni.